Nimemwekea bibi saa za Tokyo

Bibi yangu hapa Wete, Pemba, husuka ukili huku akitazama tamthilia yake ya Kituruki, na mkono haukosei hata mara moja. Kinachomshinda ni ile orodha ya vipindi kwenye king'amuzi. "Hebu nisomee mjukuu wangu, leo inaanza saa ngapi?" Nabonyeza rimoti, inatoka 20:30. Namwambia saa mbili na nusu. "Sasa mbona wao wameandika ishirini? Kuna saa ishirini wapi?"

Na hiyo ni siku ambayo orodha yenyewe imepatikana. Jioni nyingi ukiwasha, nusu ya mistari imeandikwa "hakuna taarifa". Ami akiona hivyo hukimbilia nje kulisogeza dishi. Masikini dishi, halina kosa. Picha ikiwa safi liko sawa. King'amuzi cha aina yetu hakina orodha tumboni, na hakiwezi kuiomba kokote, maana kina masikio lakini hakina mdomo. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mwongozo, yaani hiyo orodha, unateremka kutoka huko pamoja na picha, vipande vipande, ukirudiwa kama utingo wa gari ya Chake Chake anavyoita abiria. Hukumsikia? Ngoja, ataita tena. Kanuni za DVB, zile za urushaji wa televisheni ya dijitali, zinataka kipindi cha sasa na kinachofuata kitajwe angalau kila sekunde 2, na ratiba ya siku 8 angalau kila sekunde 10. Lakini hizo ni chaneli zinazosafiri pamoja kwenye masafa uliyofungua. Za masafa mengine hakizisikii mpaka ukipeleke king'amuzi huko, ila kama mrushaji mwenyewe amezichanganya humo humo. Na kituo kisichojaza ratiba yake, utangoja mpaka mwezi uandame.

Tena sie tuna tabia ya kuzima ukutani, uniti za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, zisiliwe bure. Hapo kila kilichookotwa hupotea, na saa pia, kwa sababu ving'amuzi vingi vya bei rahisi huweka orodha kwenye kumbukumbu isiyostahimili kukosa umeme. Fundi aliniambia nikiache kimelala, nisikizime kabisa. Nimemgomea. Kwa nini mie nilipe umeme usiku kucha ili kisanduku kisisahau? Aliyekitengeneza angekitia kumbukumbu inayodumu, basi.

Kilichoniudhi zaidi ni ile 20:30. Nilidhani ndivyo inavyotoka angani. Kumbe mwongozo hauji na saa za Wete wala za Nairobi. Unakuja na saa ya dunia, UTC, na king'amuzi ndicho kinachoongeza 3. Juu kule imeandikwa 17:30. Hesabu inafanywa humu humu chumbani kwa bibi, kwa hiyo inaweza kufanywa kwa namna nyingine. Menyu wametutafsiria, saa wametuachia yao.

Nikaingia kwenye menyu, nikaikuta GMT+3, yaani saa ya dunia ukiongeza 3. Nikaiweka GMT-3, ikatoka 14:30. Nusu ya safari: kwa saa inayoishia kumi na mbili ingekuwa 2:30, ila chetu hakina chaguo hilo. Nikapanda mpaka GMT+9, saa za Tokyo. Ikatoka 02:30.

Lakini tarehe nayo ikaruka. Siku ile ilikuwa Alkhamisi, na orodha ikaandika Ijumaa. Nikataka kurudisha, nikajua nimeharibu. Bibi akaweka ukili chini, akaisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza, polepole. "Ijumaa, saa mbili na nusu. Si ndiyo? Leo si usiku wa Ijumaa?" Alikuwa sahihi, mie ndiye niliyekuwa nimesahau. Ukiweka +9, tarehe inageuka saa kumi na mbili jioni, Magharibi, pale pale siku yetu inapogeukia. Kwa bahati tu, Wajapani wanatuhesabia usiku vizuri kuliko waliotuuzia king'amuzi.

Ami hataki chake kiguswe. Yeye mtazamaji wa habari za asubuhi, na kwa mpango wangu saa moja asubuhi inaandikwa 13:00. Bibi hilo halimhusu. Saa hiyo yuko konde.