Kutupa data si dhambi kihivyo: kuhusu rarefaksheni na bakteria wetu

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma masters alinitumia WhatsApp maoni ya mhakiki wa jarida. Kalinganisha bakteria wa udongo wa mashamba mawili, kazi nzuri tu, mhakiki kamjibu kwa sentensi moja kwamba rarefaksheni (kupunguza data za sampuli zote zilingane kabla ya kuzilinganisha) haikubaliki kitakwimu tangu 2014 kwahiyo arudie uchambuzi wote. Dada wa watu hajalala. Nimesoma kazi yake mara mbili na nadhani aliyechemka ni mhakiki, ingawa hoja anayoisimamia siyo ya kupuuza.

Kwa ambao hawajawahi kukaa na data za hivi: unachota udongo, unatoa DNA, unapeleka kwenye mashine na inakurudishia vipande vilivyosomwa, maabara tunaviita ridi. Shida ni kwamba hata upime kwa makini vipi kabla ya kuchanganya sampuli zako, moja itarudi na ridi 4,000 na jirani yake 60,000, na tofauti hiyo haihusiani na udongo hata kidogo, ni PCR tu (hatua ya kunakili DNA kabla ya kuisoma) imeamka vibaya. Rarefaksheni inasema punguza zote kwa bahati nasibu zilingane na ile ndogo ndo ulinganishe. Wazo lenyewe halikuanzia kwa bakteria, lilitoka kwa Howard Sanders mwaka 1968 akihesabu wanyama wa kwenye tope la chini ya bahari, na 1971 Hurlbert akairekebisha hesabu yake.

Mwaka 2014 watafiti wawili, McMurdie na Holmes, wakaja na paper iliyotikisa watu. Hoja yao kwa ufupi: sampuli ya 60,000 ukiishusha hadi 4,000 umetupa asilimia 93 ya ulichokilipia, halafu umeongeza ubahatishaji juu ya data iliyokuwa na ubahatishaji wake tayari. Kama swali lako ni bakteria gani kaongezeka shamba A kuliko B, nawapa haki kabisa, kuna modeli za kitakwimu zinazofanya kazi hiyo vizuri zaidi na hakuna sababu ya kutupa kitu. Wakafuata wa uwiano, Gloor na wenzake 2017, wanaosema mashine haihesabu bakteria, inagawa nafasi tu, kwahiyo ridi zako ni mafungu ya kitu kizima na zinatakiwa hesabu za logi. Nao wana pointi.

Lakini swali la "jamii hizi mbili zinafanana kiasi gani" ni kitu kingine, na hapa ndo watu wanapita haraka mno.

Chukua gunia moja la maharage mchanganyiko. Ndani kuna aina 20 za kawaida, kila moja asilimia 4.5 ya gunia, na aina 100 adimu, kila moja punje moja kwa elfu. Chota punje 1,000, halafu chota tena 10,000, gunia hilohilo. Mchoto mkubwa utaona aina zote 120. Mdogo utakosa kama 37 kati ya zile adimu, maana uwezekano wa kuikosa aina ya moja-kwa-elfu ukichota mara elfu ni karibu asilimia 37. Sasa pima kwa kipimo cha Jaccard, kile cha tangu 1901 kinachoangalia nani yupo nani hayupo (0 ni kufanana kabisa, 1 ni kutofanana kabisa): umbali 0.31. Gunia moja! Ila balaa lenyewe liko hapa: michoto miwili mikubwa ikilinganishwa umbali ni karibu 0, midogo miwili ni kama 0.44 kwa sababu kila mmoja umekosa zake. Weka zote kwenye grafu, mikubwa itajibana kona moja, midogo itatawanyika huko, na mtu ataandika aya nzima kuhusu athari za mbolea.

Ukigeuza kuwa asilimia? Bray-Curtis, kipimo kingine kinachoangalia na wingi wa kila aina, itatulia sana kweli, lakini zile aina 37 ambazo hukuziona hazirudi kwa kugawanya. Logi nayo haina jibu la sifuri, ndo maana watu wanaongeza kanamba kadogo kwenye kila sifuri na maisha yanaendelea, na mwenye sampuli ndogo ndo mwenye sifuri nyingi, yaani kina cha usomaji (idadi ya ridi kwa sampuli) kimerudi kwa mlango wa nyuma.

Nikiri kitu ambacho mashabiki wenzangu hawapendi kukisema: rarefaksheni haiondoi kelele, yaani tofauti zinazotokana na bahati tu. Kwenye mfano wangu ukizishusha zote hadi 1,000 umbali wote unakuwa 0.44, umeongezeka! Inachofanya ni kuigawa kelele sawasawa, shamba lisionekane tofauti kwa sababu tu lilisomwa zaidi.

Halafu 2024 Patrick Schloss, yule wa mothur, programu ya kuchambua data za bakteria, akarudia uchambuzi ule wa 2014. Kumbe kilichopimwa kule ni kuchota mara moja tu, wakati rarefaksheni yenyewe ni kuchota mara nyingi, mia au elfu, na kuchukua wastani. Tena asilimia 15 ya sampuli zenye ridi chache zilitolewa halafu zikahesabiwa kama zilizowekwa kwenye kundi lisilo lake. Hapo hata mimi ningefeli.

Na hii siyo kesi ya mashamba tu. Utafiti wa 2023 uliwapa Wahadza wa Ziwa Eyasi wastani wa spishi 730 tumboni, watu wa California 277. Namba hizo zilisambaa sana. Binafsi naamini Wahadza wanazo nyingi zaidi, 2014 waliwahi kulinganishwa na Waitaliano wa Bologna na picha ilikuwa hiyohiyo. Ila mtu akikutajia spishi 730 bila kutaja ridi ngapi, ni kama amekwambia kavua samaki wengi bila kusema wavu ulikaa majini saa ngapi.

Mdogo wangu ana sampuli 42. Ya chini kabisa ina ridi 900, inayofuata ina 6,100. Nimemwambia hiyo ya 900 aiache na aseme wazi kaiacha, zingine azishushe hadi 6,100 mara elfu, achukue wastani, na pembeni aweke Bray-Curtis ya asilimia bila kupunguza. Kanitumia grafu zote mbili usiku, mashamba yametengana kotekote. Sasa anaandika barua ya majibu, na ameshafuta neno "kwa heshima" mara tatu.