Sweta la Julai

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kupima viuno vya watu bila kusema neno. Mteja akifika inchi 44 naandika 44, namtazama usoni kama nimeandika 30, tunaendelea na mikono. Shida ilianza siku nilipojipima mwenyewe. Mara ya kwanza nikasema futi imelegea. Mara ya pili nikavuta tumbo ndani. Mara ya tatu nikaazima futi ya fundi jirani, na hiyo ikatoa jibu baya zaidi.

Nikaenda zahanati. Daktari akanipima presha, akaguna, akanipima tena. Akaniambia mtu mzima anatakiwa apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi, hata kutembea kwa haraka kunatosha. Nikamjibu kwamba mimi nakanyaga cherehani kutwa nzima. Akaniuliza ni ya miguu au ya umeme.

Ya umeme.

Kutembea kwa haraka nilijaribu, Mungu ni shahidi. Lakini mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, pumzi zenyewe za kupimiwa, na njia yoyote ukiishika ni mlima. Siku niliyoelekea upande wa Loleza, akina mama wenye kuni kichwani walinipita nimekaa kwenye jiwe, wakanipa pole. Kukimbia mtaani ndiyo kabisa. Ukikimbia kwetu watu wazima wanatoka nje kuangalia nani anakufukuza, na mimi nina watu wanaonidai nguo zao.

Ikabaki jimu. Jimu ninayoizungumzia iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kwa wiki tatu nilikuwa napita pale na bajaji nikisikia vyuma vinavyoangushwa, nikijiambia ni dukani wanashusha nondo. Siku nyingine nilipanda ngazi hadi mlangoni nikashuka. Nilifanya hivyo mara mbili, na nikazihesabu zile ngazi kwenye dakika zangu 150.

Nilichokuwa naogopa hasa ni vioo. Kioo cha dukani kwangu kinamwonyesha mtu kuanzia kifuani kwenda juu, na nilikinunua hivyo makusudi, mteja aridhike na kola. Kule kuna vioo ukuta mzima, na mbele yake vijana ambao mkono wao mmoja unakula kitambaa cha suruali nzima. Niliwaza watanicheka. Usiku nilikuwa naota nimenyanyua chuma kisicho na uzito wowote na bado kimenishinda.

Mke wangu ndiye aliyemaliza maneno. Alilipa hela ya mwezi mzima kwa simu, tena ya aina ile isiyorudishwa, akaniwekea raba mlangoni.

Nikachagua saa 11 na nusu alfajiri, nisikutane na mtu yeyote ninayemjua. Ilikuwa Julai, na Julai ya Mbeya haina utani. Nilivaa fulana mbili, shati la flana, na juu yake sweta langu la mtumba. Sweta hilo lilikuja na shingo pana, nikaipunguza kwa mkono wangu mwenyewe, mshono juu ya mshono, upepo usipate pa kuingilia. Kulivaa nasaidiwa na mke wangu. Kulivua ni suala tulilokuwa hatujalifikiria vizuri.

Mwalimu wa mazoezi, kijana mwenye shingo kama paja, akanisalimia, "Shikamoo mzee." Nina miaka 46. Nikaitikia marahaba kwa uchungu. Akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akanionyesha kitufe cha kuongeza na cha kupunguza, kisha akasema jambo fulani kuhusu kibanio chekundu chenye kamba. Sikumsikia vizuri kwa sababu nilikuwa naangalia kioo. Alipoondoka nikakitazama: kibanio kama cha kuanikia nguo. Nikaona jamaa wanajali. Nikakibania taulo langu kwenye mkono wa mashine lisianguke.

Na nikatembea! Dakika tano, dakika nane. Hakuna aliyenicheka, hakuna hata aliyeniangalia, kila mtu na jasho lake. Nikabonyeza ile namba hadi 6, nikawa natupa mikono kama mwanajeshi wa gwaride. Dakika ya kumi na mbili joto likapanda, nikaamua kuvua sweta hukuhuku nikitembea, kama ninavyovua nikielekea kuoga.

Likapanda hadi puani, likagoma.

Nikavuta. Nikavuta tena. Gizani mle ndani nikapapasa shingoni nikagundua kinachonishika: futi. Nilikuwa nimekuja jimu na futi yangu shingoni, chini ya sweta, maana fundi huvaa futi kama mtu mwingine anavyovaa saa, hakumbuki ameivaa lini. Ilikuwa imejizungusha kwenye ule mshono wangu wa pili. Na nitasema ukweli, ule mshono ulikuwa mzuri. Haukuachia hata uzi.

Mashine nayo haina habari za mtu aliye gizani. Nilihisi mguu mmoja unakwenda Tunduma na mwingine unabaki Uyole. Nikatua nyuma kwa makalio kwenye magodoro ya mazoezi, kishindo cha gunia la viazi la lumbesa likishushwa kwenye Fuso, mikono bado iko juu, kichwa bado kimo ndani.

Mtu akazima muziki. Kimya. Kisha nikasikia sauti ya mama mmoja, karibu kabisa na sikio langu.

"Hii futi naijua."

Moyo ukasimama.

"Fundi! Si wewe? Gauni langu liko wapi?"

Yule mama anauza ndizi za Tukuyu sokoni. Kitenge chake kilikuwa kwangu wiki ya tatu, kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nikiwa ndani ya sweta, nimekaa chini, mkia wa mgongo unawaka moto, mdomo wangu ukajibu wenyewe kama ulivyozoea:

"Njoo kesho, mama."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Walicheka mpaka wakakaa chini na wao, na mimi nikajikuta nacheka mlemle ndani ya sufu. Mwalimu alinitoa kwa mkasi. Akaniambia tena, safari hii taratibu, kwamba kile kibanio kinabanwa kwenye nguo ya mtu, ukianguka kamba inachomoka, mashine inasimama. Mama wa ndizi akanipa maji, akasema yeye siku ya kwanza alipanda mashine ileile na kandambili.

Kesho yake nilirudi. Nisingeweza kukwepa, nilikuwa nimemwahidi mteja. Sweta nimelikata mbele nikalitia zipu, na gauni nililikeshea usiku kucha, kwa sababu niliona wazi kwamba sitaweza kutembea hata dakika moja kwenye mashine ile mama yule akiwa kwenye godoro nyuma yangu.

Akalijaribu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akatoka, akajigeuza mbele ya vile vioo. Likampwaya. Amekuwa akija pale tangu Machi, na vipimo nilivyotumia ni vya mwaka jana.

"Punguza kiunoni inchi mbili," akasema. "Nije lini kulichukua?"

Kabla sijafungua mdomo, jimu nzima ikanijibia.