Kulipa Deni Haraka Nako Ni Kosa?

Ujumbe wa benki unaingia asubuhi, chai haijapoa: "Ndugu mteja, tumepokea shilingi 939,750. Kiasi kilichozidi kitatumika kwenye rejesho la mwezi ujao." Mwezi ujao! Nani kawatuma? Laki moja imebanwa kwenye nauli, vocha na kitoweo, ikapelekwa ikakate deni la nyumba, wao wameiketisha kwenye benchi imsubiri riba wa mwezi ujao aje aile.

Tuwekane sawa kwa hesabu, maana ndiyo inayouma. Chukua mkopo wa nyumba wa milioni 60, riba asilimia 15 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miaka 15. Rejesho ni kama 839,750 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake inakula 750,000. Kinachogusa nyumba ni 89,750, yaani umenunua mlango wa choo, bawaba utajitegemea. Mpaka miaka 15 iishe umewapa zaidi ya milioni 151. Sasa ongeza hiyo laki kila mwezi, ikate deni la msingi, yaani fedha yenyewe uliyokopa bila riba: unamaliza kwa miezi 129 badala ya 180, na kama milioni 30 zinabaki kwako. Ndiyo maana watu wazima na akili zetu tunakula dagaa Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi tunawabadilishia kwa kuwatia nazi.

Basi inabidi uende benki. Mtwara mjini, Novemba, jua la saa nne linakuchoma utosini. Ndani wamejaa wakulima walioingiziwa fedha za mnada wa korosho, kila mmoja na mjomba wake wa kumsindikiza, maana msimu huu wajomba hawapungui. Unavuta namba. Unafika dirishani na hadhi yako, shati limechomekewa, karatasi mkononi.

"Dada, naomba hii laki ipunguze deni la msingi."

"Una tatizo gani na mkopo, baba?"

"Sina tatizo."

"Umehamishwa kituo?"

"Sijahamishwa."

"Unauza nyumba?"

"Nataka kulipa, dada."

Anakutazama kwa huruma, kalamu iliyofungwa kamba inaning'inia kati yenu. "Lakini baba, deni lako linaisha 2039. Haraka ya nini?"

Mkulima wa nyuma yako anaguna. Sauti yako inapanda kidogo, mlinzi anageuka. Unaelekezwa kwa ofisa mikopo, ambaye yuko Nanyamba, "anarudi sasa hivi". Unakaa. Kiyoyozi kinakupuliza shingoni, na hilo hulalamikii, kwako feni ina ratiba.

Ofisa anaingia saa saba na vumbi lake, kijana wa tai. "Shikamoo mzee wangu." Marahaba. Anafungua kompyuta, uso unamng'aa. "Mzee, rekodi yako safi kabisa! Hujachelewa rejesho hata moja." Unavimba kichwa, lazima tuseme kweli. "Kwa hiyo unastahili nyongeza. Milioni 20, leo leo. Unasaini hapa, mama anasaini pale kuridhia." Umeenda kwa kinyozi, unarudishwa na wigi.

"Bwana mdogo, sitaki kuongezewa. Nataka kupunguziwa."

"Hiyo sasa mpaka Dar waidhinishe, mzee. Na mfumo leo umegoma."

Mfumo huu kwenye kukata riba haujawahi kugoma hata siku ya Idd! Siku ya rejesho unaamka kabla ya muadhini, unakata, unakutumia na salamu. Laki moja ya kupunguza ndiyo inaupa kizunguzungu?

Haya, wajomba, dawa yake ni barua, siyo maneno ya dirishani. Iwe fupi: namba ya akaunti ya mkopo, kiasi, halafu sentensi yenyewe: "Fedha hizi zipunguze deni la msingi, rejesho la mwezi libaki lile lile, muda wa mkopo upungue." Hayo ya mwisho usiyaache. Ukiyaacha watabakiza muda na kupunguza rejesho. Ukilipa milioni mbili mwanzoni mwa ule mkopo wetu wa milioni 60, rejesho litashuka kama 28,000, utafurahi, utaenda Feri kununua pweza, kwisha. Ukishika rejesho lile lile, milioni mbili hizo hizo zinafuta karibu marejesho 20 ya mwisho. Toa nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo. Baada ya wiki dai jedwali jipya la marejesho, na uangalie mstari mmoja tu: salio la deni la msingi limeshuka, halijashuka? Kabla ya yote soma mkataba kifungu cha kulipa kabla ya muda, maana mingine ina tozo, na tozo ikiwa nene ni afadhali ukusanye vilaki vyako ulipe kwa mkupuo. Na siku deni likiisha usiondoke na tabasamu tu. Ondoka na barua ya kumaliza deni na hati, kisha hakikisha rehani imefutwa kwa Msajili wa Hati. La sivyo nyumba imelipwa, vitabuni bado ni yao.

Nyumbani nako kuna vita ya uniti 75 za umeme kwa mwezi. Mtumiaji mdogo analipa 100 kwa uniti, 122 ukiweka kodi na tozo, akivuka bei inaruka zaidi ya mara mbili. Friji dogo ni kama uniti moja kwa siku, hiyo 30. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku, 18. Zinabaki 27 za taa, runinga na pasi. Hapo ndipo shemeji anaposhuka kutoka Dar na birika la umeme la wati 2,000, anachemsha maji ya kikombe kimoja, anasahau, anachemsha tena. Tena kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi, inakatwa humo humo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Hati wanayo benki, kodi yako wewe.

Kadi za harusi na unyago wa Desemba sizigusi, nina wazee.

Mkaa unaponea kwenye kikapu. Maharage yalowe usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 20, funika, tia sufuria kwenye kikapu kilichoshindiliwa nguo kuukuu na juu yake mto. Saa nne baadaye yameiva, unayarudisha jikoni kidogo na chumvi na nazi. Sufuria iwe imejaa, ikiwa nusu joto linakimbia. Na asifunue mtu! Lakini ndani ya nyumba yenye watoto na shemeji, kila anayepita anafunua "aone tu", matokeo yake saa mbili usiku mnatafuna kokoto.

Matunda tusinunue, msimu huu mabibo, yale matunda ya korosho, yanaoza chini ya mikorosho bure. Kamua, chuja, kunywa siku hiyo hiyo, ikilala inaanza kuwa uraka, yaani pombe, kesho kazini utajieleza. Ila likikudondokea shatini, doa la bibo halisikii jiki wala sabuni ya kipande, na shati jeupe sokoni ukiuliza bei, yule kijana analinyoosha kola, analipulizia manukato, mtumba huo, anakwambia jipya la dukani. Kola ina jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino!