Mpangaji wa Saba

Tanga hapa baiskeli si habari. Mji wenyewe tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba, ukipotea kazi yako ni kuhesabu tu. Kina mama wanaendesha na mabaibui yao, pindo limekusanywa kwa mkono mmoja, fungu la mihogo limefungwa nyuma, na anakupita huku anakuuliza hali ya mama yako na jibu analisubiri. Mtoto anaanza kuendesha hata kiti hajakifikia, mguu kaupitisha katikati ya fremu, kiuno kimepinda upande, lakini anakwenda. Kwa hiyo angetokea mtu akaniambia kwamba baiskeli itanitia wazimu katika mji huu, ningemcheka mpaka nikae chini.

Basi ndiyo nimekaa chini.

Ya kwangu ni ile ndefu ya mizigo. Kanipa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye riziki yake iko kwenye makontena ya mitumba. Alikuja nayo anaikokota, jasho linamtiririka, akasema, "Shemeji, hii nilivyoiona tu nikakukumbuka." Mpaka leo sijamuuliza alikumbuka nini. Ukiitazama kwa mbele ni baiskeli kama zote, usukani upo, kiti kipo, kengele ipo. Sasa endelea kutazama. Pale unapotegemea gurudumu la nyuma hulioni, unaona keria. Unafuata keria. Keria bado ipo. Gurudumu unalikuta huko mwisho kabisa, na umeshasahau ulikuwa unatafuta nini. Keria yenyewe haikufungwa kwa nati, ni fremu ile ile imeamua kuendelea na safari, na chini yake kila upande kuna bomba la chuma la kukanyagia aliyepakiwa. Bomba hilo ulikumbuke, lina kesi yake.

Nimeipima kwa tepu ya dukani: futi 7 kasoro inchi. Kitanda chetu ni tano kwa sita. Mimi ninayelipa kodi nina futi 5 na nusu, tena nikiwa na viatu.

Na kinachoniuma ni kwamba inafanya kazi. Ingekuwa mbovu ningeshaipeleka kwa wanunua vyuma chakavu nikapumzika. Baiskeli ya kawaida ukiipakia mzigo mzito, mzigo unakaa nyuma ya ekseli, mbele kunanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na unaanza kucheza taarab peke yake. Hii gurudumu la nyuma limesogezwa huko nyuma, kwa hiyo mzigo unakaa katikati ya magurudumu mawili, chini chini, umetulia. Napakia madumu sita ya maji, kila moja lita 20, hiyo ni kilo 120, na inakwenda imenyooka. Kilo 120 ni mke wangu na mama yake kwa pamoja, na hapo sijasema kitu.

Fikra yenyewe wala si ya jana. Kuna Mmarekani, Ross Evans, miaka ya 1990 alikuwa Nikaragua akabuni mkia wa kufunga kwenye baiskeli ya kawaida ili watu wabebe mizigo yao, na huko ndiko ilikozaliwa kampuni ya Xtracycle. Kenya nako zikaundwa ndefu za namna hiyo kwa ajili ya bodaboda za baiskeli, wakaziita Big Boda. Watu wa akili wote hao. Wakaumiza kichwa juu ya uzito, wakaumiza kichwa juu ya mwendo, wakaangalia mpaka abiria ataweka wapi miguu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza jua likizama itakuwaje kwa mtu aliyepanga chumba kimoja Ngamiani.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili ya vyumba sita. Mlango mkubwa mbele, ukumbi umenyooka hadi uani, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule. Kuingia ukumbini inaingia, tena vizuri, ukumbi umenyooka na yenyewe imenyooka, wanaelewana. Kasheshe ni kukata kona uingie chumbani. Gurudumu la mbele likishavuka kizingiti changu, la nyuma bado liko mlangoni kwa jirani, na katikati keria imekaba mwimo. Ukiirudisha nyuma, bomba linaondoka na pazia la watu. Ukiisimamisha wima, kilo zake 25 zinakulalia kifuani na usukani unaitafuta taa. Jirani mmoja, fundi wa ushauri, alitoka na mswaki mdomoni akanitazama weee, kisha akasema, "Ipindishe." Nikamuuliza nipindishe ipi, baiskeli au nyumba? Akarudi kusukutua.

Wajerumani walianza kutandika reli hapa Tanga mwaka 1893, na Muheza, ambako ni karibu tu, wakafika mwaka 1896. Zamani nilikuwa nashangaa walikuwa wanafanya nini njiani miaka yote hiyo. Sasa sishangai. Mtu yeyote mwenye kitu kirefu anayetaka kukata kona ana heshima yangu.

Basi ikawa inalala ukumbini, imeegemea ukuta karibu na mlango wangu. Sasa lile bomba. Liko juu kidogo ya kifundo cha mguu, sawasawa na ugoko wa mtu mzima. Mchana kila mtu analiona, analikwepa, tunaongea, tunacheka. Usiku umeme ukikatika nyumba nzima inaliona kwa miguu. Chumba cha nne anakaa bibi mmoja mtu mzima, na usiku lazima aende msalani. Mimi kitandani nasikia kandambili zinakuja: pa, pa, pa. Kisha ngo! Kisha kimya kifupi. Kisha "bismillahi" inayoanza kwa unyenyekevu na kuishia kwenye jina langu na la baba yangu.

Asubuhi nawahi kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mguu."

Hata "hujambo" sipewi. Mguu tu. Na si yeye peke yake. Ukituweka wapangaji wote kwenye mkeka tukafunua miguu, sote tuna alama pale pale, utadhani ni chanjo.

Mke wangu alifunga kitambaa chekundu kwenye bomba ili watu walione. Gizani nyekundu na nyeusi ni ndugu, lakini sikumwambia, alikuwa ameshakifunga vizuri.

Mwisho wa mwezi akaja bibi mwenye nyumba kufuata kodi yake. Akaikuta. Akaizunguka upande wa mbele, akavuta pumzi, akaenda upande wa nyuma.

"Baba, huyu naye nani?"

"Baiskeli, bibi."

"Analala wapi?"

"Hapo ukumbini."

"Anaamkia wapi?"

"Hapo hapo."

"Basi ana kodi."

Nikamwambia, bibi, chumba cha tano wana friji ukumbini na halilipi. Akasema friji halijampiga mtu teke. Mbele ya hoja hiyo nikatafuta pa kutazama, nikatazama dari. Wiki ile ile akanitumia mtoto: "Bibi anasema mwanawe mpenzi umpitishie saruji kutoka dukani." Sasa nimekuwa mwana mpenzi. Saruji inasagwa hapa hapa Pongwe, lakini mfuko ni kilo 50 tu hata ungesagiwa mlangoni, na bajaji anataka hela. Nikapakia mitatu, miwili ubavuni na mmoja juu, nikaipeleka taratibu nikiomba mbuzi wa watu wasikatize. Njia nzima kodi ya ukumbi haikutajwa. Mifuko iliposhuka, kodi ikapanda.

Hiyo ndiyo shida yangu kwa ukamilifu wake. Mchana baiskeli hii ina ndugu mtaa mzima. Sufuria za pilau la shughuli zinatakiwa Makorora, naitwa. Mtu kanunua samaki Deep Sea, naitwa, na harufu inabaki na mimi. Machungwa ya Muheza yakianza kuingia sina Jumapili. Watoto wa madrasa wanapanda wanne kwa mpigo, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anapiga kengele, wawili wanapigana, na mama zao wanasema Mungu akuzidishie. Ikiisha magharibi sasa, uliza nani ana nafasi. Huyo aliyesema Mungu akuzidishie anakuambia kwake pamejaa. Haina ndugu tena, haina hata shangazi.

Nimejaribu barazani. Nikanunua mnyororo wa maana na kufuli la maana, nikaifunga kwenye nguzo. Usiku mwizi akaja. Nina hakika aliitazama yote, mwanzo hadi mwisho, akapiga hesabu, akaona naye hana pa kuiweka. Akachukua kiti. Asubuhi nikaenda kazini nimesimama juu ya pedeli kuanzia Ngamiani, nikavuka reli, nikaingia mjini, na kila niliyepishana naye ananiuliza mbona nina haraka.

Dukani kwetu tajiri akasema ghala ni la bidhaa. Kitu kikilala humo asubuhi kinabandikwa bei. Nikadhani utani. Mteja wa kwanza akaja kupatana.

Rafiki yangu mmoja anakaa Raskazone, ua mkubwa, geti, mbwa, kila kitu. Akasema ilete. Ikakaa kule msimu mmoja wa kusi. Pale bahari unaisikia ukiwa kitandani, na upepo wake unakuja na chumvi usiyoiagiza. Nilipokwenda kuichukua cheni ilikuwa nyekundu kuanzia mbele mpaka huko wilayani nyuma. Na cheni ya hii si cheni ya mtu mmoja. Fundi huchukua mbili, akaziunga, akakata kipande, kwa hiyo ikishika kutu unanunua kutu ya baiskeli mbili. Waya wa breki ya nyuma ndio kabisa. Waya wa kawaida unaishia katikati ya keria, unakodoa macho. Fundi wangu wa Mgandini kaweka waya wa klachi ya pikipiki, akaniambia sasa utasimama. Ninasimama, ila breki inalia kwa namna ambayo watu wanapisha wakitegemea kitu kikubwa zaidi, na wakiniona wanaudhika.

Basi tangu juzi juzi iko uani. Pale kwenye ukuta wa jiko, karibu na karo la kufulia, nikaifunika turubai, nikasema alhamdulillahi, hapa haimgusi mtu. Siku ya kwanza kanga mbili zikaanikwa juu ya usukani. Nikanyamaza. Siku ya pili keria ikawa meza ya kukunia nazi, mbuzi imewekwa pembeni, machicha yameingia kwenye cheni. Nikanyamaza. Mifuko ya pembeni nimeshonesha kwa turubai nzito, mirefu, ina mdomo wa kufunika, na mfuko wa kulia nilikuwa naweka gunia kuukuu la kuzuia mizigo isigongane. Asubuhi moja natia mkono nichukue gunia, nikadonolewa.

Ni tetea wa bibi wa chumba cha nne. Kajichimbia ndani, kafura, jicho moja kalielekeza kwangu, na chini yake mayai ya kutosha. Nilipomsogeza kidogo kwa kijiti nikasikia sauti nyuma yangu: "Muache." Bibi kasimama pale na fimbo, ugoko wake umefungwa kitambaa. "Ameshaanza kuatamia. Asitikiswe." Nikamwambia bibi, hiki ndicho chombo changu cha kazi. Akasema kuku huatamia siku 21, wewe baiskeli hiyo imenipiga miezi. Sasa mwenye akili ajibu hapo.

Kwa hiyo natembea. Nimiliki chombo cha kubeba kilo 200, naenda kazini kwa miguu nikiwa nimeshika kibakuli cha chakula mkononi, na njiani watu wananipa pole wakidhani imeibiwa. Natamani niwaambie. Mtaa wenyewe umeshajua na kila jioni watoto wanapita uani kumwangalia kuku, wakitoka wanagusa kengele, na bibi anatoka na fimbo.

Juzi mwenye nyumba kaja, kataka mifuko mingine miwili, anajenga banda la uani kwa ndani. Nikamwonesha kuku. Wakatazamana yeye na bibi wa chumba cha nne, wote wakubwa kuliko mama yangu, mimi katikati na ufunguo wa kufuli mkononi. Mmoja anasema saruji itaganda, mwingine anasema mayai yatakufa. Wakaniambia niamue. Nikasema naitwa msikitini.

Nimerudi nikamkuta fundi wa kuchomea kapiga magoti uani, tepu kaitandaza juu ya turubai, anaipima baiskeli yangu polepole asimuudhi kuku, na mwanafunzi wake anaandika kwa chaki kwenye sakafu. Kumbe bibi mwenye nyumba kaamua aungiwe ya kwake, kutoka kwenye fremu mbili za Phoenix, iwe ndefu kuishinda yangu ili ipakie mifuko minne. Nikamuuliza itakuwa inalala wapi.

"Ukumbini."

Nikamuuliza, na kodi yake, bibi?

"Baba, mwenye nyumba ana kodi?"