Vijiti Vinne Mchana, Giza Usiku

Jamani, wenzangu wakiamka wanaangalia saa. Mimi naangalia betri. Saa kumi na moja alfajiri, jogoo hata hajasafisha koo, niko magotini nyuma ya kabati, simu mdomoni inimulikie, ncha nyekundu ya mita huku, nyeusi kule. Kutoka kitandani mama watoto ananiuliza, "Mgonjwa ameamkaje?"

"Volti 12.1."

"Basi tumwombee." Anageuka ukutani, anaendelea kukoroma.

Nguzo za umeme zimeishia kijiji cha jirani, kwa hiyo fedha ya mahindi ya misimu miwili niliigeuza paneli ya wati 150, betri kubwa ya maji ya tindikali, na kontrola yenye kioo, kile kifaa kinachosimamia chaji inayoingia na umeme unaotoka. Kwenye hicho kioo kuna picha ya betri yenye vijiti vinne. Hivyo vijiti ndivyo vilivyonivunjia heshima.

Mama mkwe alikuja kututembelea. Saa nane mchana, jua la utosi, nikampeleka mbele ya kontrola. "Mama, unaona? Vinne! Imejaa." Mama akaguna kidogo, ile ya wakwe. Jioni tukamkaangia sato. Taa nne zinawaka, runinga inaongea, subufa ya kijana wangu inatikisa vikombe. Saa mbili na nusu, mama yuko katikati ya kutafuta mwiba kwa ulimi, tap! Giza. Kimya. Halafu sauti ya upole kabisa: "Mkwe, huu mwiba nimeumeza au uko sahanini?"

Nikakimbilia kontrola. Kioo kinaonyesha vijiti viwili! Yaani imetuzimia, halafu inaniambia ina nusu. Watoto wakaja juu: "Baba, si iko nusu, washa basi!" Washa wapi? Nimebonyeza hicho kitufe mpaka kidole kikapata sugu.

Kesho yake fundi alinicheka kwanza, ndipo akanieleza. Jua likiwa linaingiza chaji, kontrola inasoma mpaka volti 14.4, na hiyo ni nguvu ya jua, akiba yako hujaiona bado. "Uji ukichemka unajaa mpaka mdomoni mwa sufuria," akasema. "Epua uone umefika wapi." Na ule usiku, taa na subufa zilipovuta kwa pamoja, volti zikaporomoka mpaka 11.1, kontrola ikakata. Mzigo ulipotoka betri ikapata nafuu, vijiti vikapanda, lakini kontrola hairudishi mpaka volti zifike 12.6, na hizo zinaletwa na jua la kesho.

Ukitaka ukweli, anasema, ipumzishe. Zima kila kitu, jua lisiwepo, ngoja masaa, ndipo upime. 12.7 imejaa. 12.2 ni nusu, ishia hapo. 11.9 unakwangua sufuria, na ukiizoesha kulala njaa inajenga ukoko ndani, haitashiba tena.

Ipumzike, kwa nyumba ipi? Mama watoto anachajia simu za kijiji kizima, shilingi mia tatu kila moja. Shemeji yangu alikuja "siku mbili" mwezi wa tatu, ana mashine ya kunyolea. Ndiyo maana nimebakiwa na hiyo saa kumi na moja alfajiri tu, kabla jua halijaanza kunidanganya.

Fundi akaniazima na hidromita, kile kibomba cha kioo chenye mpira wa kuminya na kiboya ndani. Unanyonya tindikali tundu moja moja, unasoma kiboya kimeelea wapi. Matundu matano yakasoma 1.25, chaji ipo. La tatu peke yake, 1.16, limebaki chini. Kumbe nina watoto sita na mmoja anawarudisha wenzake nyuma! Matone mawili yakanidondokea suruali yangu ya sikukuu ya Idi, nikapangusa, sikuona kitu. Ilipofuliwa ikarudi na matundu kama chujio la chai. Mama watoto aliinyanyua dirishani, akanichungulia kupitia matundu ya pajani. Hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali.

Jirani yangu yeye kanunua betri ya lithiamu, ananitambia. Nikaenda nayo mita yangu. Saa moja usiku 13.2. Saa nne, 13.2. Nikaona huyu kafika peponi. Saa tisa ikazima bila kuaga. Betri ile volti zake hazishuki sana mpaka mwishoni kabisa, kwa hiyo mita yangu pale ni pambo. Sasa kafungiwa kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na zinazotoka, kama daftari la duka. Na kama daftari la duka, usipofunga hesabu mara kwa mara, yaani usipoijaza mpaka juu ianze upya, wiki ya tatu kinaandika asilimia 60 na nyumba iko gizani. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Leo nimeamkia 12.2. Nimetangaza ukumbini kama taarifa ya hali ya hewa: subufa marufuku, shemeji anyolewe kwa wembe. Kabla sijamaliza, simu ikalia. Ujumbe wa mama mkwe. Anakuja Jumamosi, sato atabeba mwenyewe, na tusihangaike na taa. Anakuja na kibatari chake.