Bia Nyepesi Iachwe Nyepesi, Viungo Ndivyo Vipunguzwe

Ukitaka kuwasha ugomvi kwenye baa za Kansanga, Kampala, jioni ya Ijumaa, huna haja ya kugusa siasa wala mpira. Weka mezani bia ya asilimia 3.5, waambie wenzako imetiwa tangawizi, mbegu za giligilani na ganda la chungwa, kisha wataje bei. Ugomvi huu nimeusikiliza tangu mpishi mmoja mdogo wa bia hapa Kampala alipotoa bia yake ya msimu, aina ya saison, na leo nasema langu. Wanaolalamika kwamba ni nyepesi mno hawana hoja. Wanaolalamikia viungo wanayo. Bahati mbaya hao wa kwanza ndio wengi, na ndio wenye sauti.

Mnywaji wa hapa huanza kuisoma chupa kwenye asilimia. Nile Special ni 5.6, na wapo wanaoitaja namba hiyo kama mtu anavyotaja daraja la mtoto wake darasani. Karani mmoja wa malori, Mkenya wa Busia, aliigeuza ile saison, akasoma lebo, akairudisha mezani taratibu. "Tatu nukta tano? Ndugu yangu, hii nitakunywa mpaka lini?" Hesabu yake ni ya shilingi ngapi kwa kulewa kiasi gani. Kwa hesabu hiyo saison nyepesi imeshindwa kabla kizibo hakijang'oka, lakini hata Nile imeshindwa, maana waragi, pombe yetu kali, inazishinda zote mbili kwa mbali. Kama kipimo ni hicho, viwanda vya bia vya Njeru na Luzira vifunge mitambo tubaki na waragi.

Saison haikuanza kama pombe ya kulewesha. Ni bia ya mashambani kutoka Wallonia, upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa, hasa mkoa wa Hainaut. Waliipika miezi ya baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua na joto halijaanza kuharibu pombe, wakaihifadhi hadi kiangazi ili vibarua wa mavuno wapate cha kunywa. Mwenye shamba hakutaka mtu ayumbe na mundu mkononi. Alitaka kiu iishe na kazi iendelee, kwa hiyo bia ikawa nyepesi, kavu, yenye gesi nyingi na uchungu wa kuamsha mdomo. Hizi kali zinazosifiwa leo ni za baadaye. Saison Dupont, ya kiwanda cha shambani kilichoanza mwaka 1844 kijijini Tourpes, ina asilimia 6.5, na bia yao ya kufunga mwaka, Avec les Bons Vœux, inafika 9.5. Wabelgiji wenyewe wamekwisha kumwacha kibarua njiani. Anayepika ya 3.5 Kampala ndiye anayemrudia.

Na kibarua anayelipwa kwa pombe sisi tunamjua kuliko wao. Kwa Walango na Waacholi kuna awak: unaita majirani, wanakulimia shamba, na pombe ya nafaka inawasubiri. Teso nako ni hivyo hivyo, na huko pombe ni ajono, ambayo sisi wa mjini tunaiita malwa. Mtu anayesema bia nyepesi ni utani wa wazungu hajawahi kukaa kwenye mtungi wa malwa kuanzia saa kumi hadi saa tatu usiku, maji ya moto yakiongezwa kila mara, pombe ikizidi kupungua nguvu na mazungumzo yakizidi kunoga. Hakuna anayeuliza asilimia pale. Watu wanauliza kama wimbi, yaani ulezi, lilikaangwa vizuri.

Kwa hiyo nilipotaka maoni ya mtu anayejua pombe, nilimpelekea chupa mama mmoja wa Soroti, huko Teso, anayeuza malwa si mbali na kwangu. Ni mtu anayepika mwenyewe. Unga wa wimbi anauloweka na kuuacha uchache kwa siku kadhaa, kisha anaukaanga kwenye bati pana juu ya moto, akigeuza kwa koleo mpaka uwe rangi ya udongo na moshi umwingie machoni, halafu anauanika juani kabla ya kuuchanganya na kimea. Alimimina saison kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akanusa, akanywa, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ni ya kukata kiu. Lakini nani ametia dawa?"

Katika yote niliyosikia, hayo ndiyo maoni ninayoyaheshimu zaidi, na sehemu zote mbili ni za kweli.

Tuichukue hiyo ya dawa. Kinachonishangaza kwa wapishi wetu ni kwamba hamira ya saison haihitaji kusaidiwa hivyo. Ni hamira yenye tabia mbili zinazotufaa sana. Kwanza inapenda joto. Lager, bia zetu za kawaida, zinachachushwa kwenye ubaridi, nyuzi 10 hivi, na ubaridi huo unalipiwa umeme au dizeli mchana na usiku. Hamira ya saison inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 25, na baadhi yake zinapanda hadi 30 na kupita bila kuharibu ladha. Mtu anayepikia gereji ya Ntinda, umeme ukikatika usiku wa manane, anaweza kuendelea kulala. Pili, inakula sukari karibu yote, hata ile ambayo hamira nyingine huiacha chini, ndiyo maana bia inakuwa kavu mdomoni. Na katika kula huko inatoa yenyewe harufu ya karafuu na pilipili manga. Hakuna aliyezitia, ni kazi ya hamira. Sasa ukirundika tangawizi juu yake, unaifunika kazi nzuri iliyofanyika bure.

Kijana mmoja wa meza yetu, fundi wa kompyuta, alitoa hukumu fupi: "Nimekunywa pilau." Tulicheka, lakini alikuwa amegusa jambo. Pombe zetu za asili hazina viungo. Tonto ni ndizi na mtama. Malwa ni wimbi na moshi. Enturire ya Kigezi ni mtama na asali. Tangawizi sisi tumeipa kazi nyingine, kwenye chai na kwenye kikombe cha mtu mwenye mafua, na giligilani tumeiweka kwenye mchuzi. Ulimi ukiikuta tangawizi kwenye bia unakumbuka homa. Utaniambia mbona soda ya tangawizi tunainywa. Tunainywa kwa sababu ina sukari, na saison haina. Ulimi unapata mwasho, unasubiri utamu uje nyuma yake, utamu hauji, na mnywaji anabaki anaitazama chupa kana kwamba amepunjwa.

Sisemi viungo vitolewe kabisa. Mbegu za giligilani zikiwa kidogo zinaleta harufu ya limau ambayo ni tamu sana kwenye joto la Februari. Zikizidi zinanuka sabuni. Ganda la chungwa vile vile: sehemu ya juu ya rangi ina mafuta ya harufu, nyeupe ya ndani ina uchungu wa kukunja uso, na kwenye bia hii naamini waliitia yote. Tangawizi mimi ningeitoa. Kama mpishi anataka mwasho, misitu yetu ina matungulu, yale matunda mekundu machachu ambayo watoto wa Buganda wanayatafuna wakitema maganda. Mbegu zake nyeusi ni jamaa ya karibu ya kiungo cha Afrika Magharibi ambacho baadhi ya wapishi wa Ubelgiji hukitia kwenye saison zao. Wao wanakiagiza kwa meli. Sisi chetu tunakiacha kinaoza chini ya miti, kisha tunanunua unga wa tangawizi wa paketi.

Lakini nisiwalaumu wapishi peke yao, maana hata namna tunavyoinywa inaidhulumu. Kampala tunakunywa kwenye chupa. Tuna sababu zetu: unataka chupa ifunguliwe mbele yako, na ukienda msalani unarudisha kizibo juu yake. Sikatai, mji huu una mambo. Ila nusu ya bia ya viungo iko puani, na pua haiingii kwenye mdomo wa chupa. Rafiki yangu wa Bukavu, aliyekuzwa na Primus ya chupa kubwa ya sentilita 72, ndiye peke yake aliyeuliza, "Papa, glasi iko wapi?" Ikaletwa. Akamimina taratibu, akaacha povu lipande, na kile kilichokuwa dawa ya mafua kikawa kitu kingine kidogo. Viungo vilibaki vingi, lakini sasa kulikuwa na ngano, na ile harufu ya hamira niliyoisema.

Kisha likaja suala la mashapo. Saison nyingi zinaendelea kuchacha zikiwa ndani ya chupa, hamira inatua chini, na ukimimina yote glasi inakuwa na ukungu. Mteja wa meza ya pili aliirudisha yake: "Dada, hii imeharibika." Dada hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuhusu bidhaa anayoiuza. Mteja huyo huyo nimewahi kumwona na mrija mdomoni kwenye mtungi ambao ukiutazama ndani huoni hata kidole chako.

Na kuna lile swali la kila baa ya hapa: ya moto au baridi? Ya moto maana yake haijaingia friji, na nusu ya wazee ninaowajua hawanywi nyingine. Saison inakaa katikati. Ikiwa baridi kali viungo vinakufa, unabaki na maji ya gesi. Ikiwa ya moto, tangawizi inapiga kelele na gesi inamwagikia suruali. Itolewe kwenye friji, ikae mezani kidogo, ndipo ifunguliwe. Baa ikishindwa kumweleza mteja hivyo, isiuze.

Nani basi anaipenda? Nilichoona ni kwamba wanaoipenda hawasemi sana. Wapo wanaoamka saa kumi na moja kupanga bidhaa Nakawa. Wapo wanaotaka kukaa na wenzao hadi mwisho wa mechi bila kubebwa. Wapo wanaoogopa kawunyemu, kipimo cha pombe cha trafiki barabarani, ingawa hao nawaambia kila siku: mwenye gari anywe soda. Watu hao walikuwa wakiagiza maji na kuchekwa. Sasa wana bia. Kwangu hiyo ni sababu ya kutosha ya kuiacha ilipo, kwenye 3.5. Nasikia mpishi anashawishiwa aipandishe ifike 5 ili iuzike. Akifanya hivyo ataingia uwanja wa Nile na Bell, ambao wanauza rahisi kuliko yeye na watamshinda.

Bei ndiyo kidonda chenyewe. Chupa moja ilikuwa bei ya bia mbili za kawaida na chenji kidogo. Najua anapika kidogo, ananunua kimea cha nje, anaagiza chupa na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Lakini shayiri inalimwa Kapchorwa, na mtama nao tunao. Eagle Lager iliingia sokoni mwaka 2002 kwa mtama wa aina iitwayo Epuripur, na serikali inatoza ushuru mdogo kwenye bia zinazotumia nafaka za hapa. Saison haina masharti makali ya nafaka. Wakulima wa Hainaut walitia walichokuwa nacho ghalani: shayiri, ngano, wakati mwingine rai au spelti, nafaka za jamaa ya ngano. Anayepika Kampala akitia mtama na wimbi hajaikosea heshima, na pengine karani wangu wa Busia ataacha kusoma asilimia akiona bei imeshuka.

Halafu msimu. Waliitoa Juni, nadhani kwa sababu Juni ni kiangazi cha Ulaya. Hapa Juni ina maana gani kwa mnywaji? Msimu wetu wa kula na kunywa tunaujua: Novemba, senene, panzi wetu wa kuliwa, wanapoanguka, mitego ya mabati na taa kali za Masaka ikiwaka usiku kucha, na Kampala nzima ikinunua kwa kikombe. Senene waliokaangwa kwa kitunguu na chumvi wana mafuta, na mafuta hayo yanataka kitu kikavu chenye gesi na harufu ya limau. Lager inayapoza tu. Waragi inayaua. Bia hii, ikiwa na giligilani kidogo, mbegu chache za matungulu na tangawizi imeachwa jikoni, ingekaa pale vizuri kuliko kinywaji chochote kilichopo kwenye friji za Kansanga. Itolewe Novemba, tarehe ya kuijaza chupani iandikwe kwenye lebo, glasi iletwe bila kuombwa. Mimi nitanunua, na mama wa Soroti nitamnunulia yake.