Duara saba iliyonila pointi 8,000

Jumapili iliyopita, hapa Kamalondo, nilitupa kete ya mahjong, duara saba, nikiwa na amani kabisa. Kaka yangu mkubwa, Yaya kama tunavyosema huku Lubumbashi, akalaza kete zake mezani: "Ron," yaani nimeshinda kwa kete yako. Kati ya pointi 25,000 nilizoanza nazo, 8,000 zikaondoka. Tunacheza mahjong ya Kijapani, na humo aliyetupa kete ya ushindi hulipa peke yake. Wale wawili wengine waliendelea kutafuna karanga.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimepiga hesabu. Yaya alitangaza richi, yaani amebakiza kete moja tu ashinde, kwa kutupa duara nne. Mwenye tano na sita, akitafuta tatu za kufuatana, hungoja nne au saba. Nne ameshaitupa mwenyewe, na kanuni inamkataza kushinda kwa kete ya mwenzake ikiwa mojawapo ya anazongoja aliwahi kuitupa. Basi saba ni salama, nikajiambia. Kumbe alishika nne, sita na nane. Akatoa nne, akabaki anangoja saba ya katikati. Mtego wa zamani sana, nami nikaingia na viatu.

Ndiyo maana nasema hesabu hii ya 1-4-7, 2-5-8 na 3-6-9, kwamba aliyetupa nne hangoji moja wala saba, tunaitukuza mno. Ni ya kushika ukikosa kingine, na usiiamini kabisa inapotokana na kete ile ile ya richi. Anza na kete alizozitupa yeye mwenyewe: kwake hizo haziui. Vivyo hivyo yoyote iliyopita mezani baada ya richi yake, kwa sababu mkono wake umefungwa, hawezi kuubadili tena.

Halafu hesabu zinazoonekana. Kete ni 136, aina 34, kila aina nne. Ukiziona nane zote nne za mianzi (kundi jingine la kete, kama duara), mezani na mkononi mwako, hakuna mwenye saba na nane anayengoja tisa. Tisa bado inaweza kukuchoma, lakini kwa njia chache. Kete ya upepo wa kaskazini ukishatoka mara tatu na wa nne ni wako, utupe tu, isipokuwa unahisi kuna anayekusanya mayatima kumi na watatu, mkono wa nadra wa kete kumi na tatu tofauti (sisi hatujawahi kumwona).

"Unaogopa, mdogo wangu?" Yaya huuliza kila ninapovunja mkono mzuri. Naogopa, ndiyo. Mkono wangu ukipungukiwa kete mbili na wake uko tayari, nakimbilia nini? Akiwa yeye ndiye mwanzishaji wa raundi, ushindi wake unalipwa mara moja na nusu.

Raundi iliyofuata akatangaza richi tena. Nikavunja jozi ya kete za joka jekundu, ambalo yeye alikuwa ameshalitupa, nikaikumbatia mianzi sita hadi kete zikaisha bila mshindi. Alipofunua mkono, alikuwa anangoja mianzi sita. Sisi watatu ambao hatukuwa tayari tukamlipa 1,000 kila mmoja, na mimi nilihesabu yangu nikicheka.